Ifundishe Kula Kidogo

Gottlieb Wüthrich aliingia na theluji mabegani,
akafungua kitambaa cha kuchujia jibini
juu ya meza yangu, taratibu, kama anayemfunua mgonjwa.
Bastola ya jeshi. Milimita tisa.
Namba yake na ya kibali nikazisoma mara mbili,
maana kwangu, hapa Langnau, hata marafiki huandikwa kitabuni.

"Ursula," akasema, "ifundishe kula kidogo."

Kifundo cha mkono kilivunjika Septemba
alipoanguka kutoka darini, kwenye nyasi za ng'ombe.
Kimeunga, ila kimeunga shingo upande:
kila risasi ikiondoka humrudishia teke
mpaka kwenye jino la mwisho.
Miaka hamsini na mmoja hajakosa Jumamosi ya shabaha,
na sasa chama kimemwambia akae kitini, ahesabu alama za wengine.
"Kuhesabu ni kazi ya Rüfenacht. Yule haoni."

Watu hudhani ni kubadili mtutu, basi:
toa mnene, tia mwembamba, lipa, nenda.
Laiti.
Risasi ndogo ina roho ndogo.
Haina ubavu wa kukisukuma chuma kilichozoea tisa.
Italia, itatoka, itafika kwenye karatasi,
lakini kile chuma cha juu kitabaki kimenuna pale pale
na ganda tupu litakwama mlangoni
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kwa hiyo ni mtutu, na chuma cha juu kilicho chepesi,
na springi inayokubali kubembelezwa,
na magazini yenye koo jembamba,
na kipigio kinachogonga ukingo, si kitovu.
Kila kiungo kimnong'oneze mwenzake: punguza,
anayekuja hana nguvu.

Siku ya tatu ilinikwamia mara sita katika kumi.
Niliitukana kwa lahaja ya mama yangu, ambayo ina matusi mazuri ya chuma.
Usiku nikaiwaza springi kitandani;
mume wangu akauliza nahesabu nini, nikasema, kondoo.
Alfajiri nikashuka na kandambili.
Kumbe springi haikuwa na kosa.
Kwenye mdomo wa magazini palikuwa na kinundu
ambacho jicho halikioni, ukucha ndio unakihisi.
Tupa ndogo, mara tatu. Si nne.
Nikajaza. Kumi zikapita kwa kumi,
nami nikacheka peke yangu na kandambili zangu.

Alirudi Alhamisi. Tukashuka ghala la chini, kwenye ukuta wa mchanga.
Alisimama kama alivyofundishwa akiwa na miaka ishirini,
mguu wa kushoto nyuma kidogo, kidevu juu.
Tano za kwanza.
Mimi nilitazama karatasi, si uso wake;
kuna mambo mtu humwachia mwenzake.
Kimya kirefu. Kisha:
"Zamani ilibweka. Sasa inakohoa."
"Inakohoa katikati ya duara," nikasema.
Akasogea kuangalia, akarudi, hakubisha.

Vyuma vya zamani hakutaka kuvichukua.
"Vitunze hapa. Mkono ukipona, tutavirudisha."
Ana miaka themanini na miwili.
Nilivifunga kwenye karatasi ya mafuta,
nikaandika Wüthrich, nikaandika mwaka,
na mahali pa tarehe ya kuchukuliwa nikapaacha wazi,
kwa kalamu ya wino, mbele yake, ili aone.

"Faranga mia saba," nikamwambia.

Akainama kwa shida, akaokota ganda moja sakafuni,
bado la moto, dogo kama punje ya shayiri,
akalipuliza, akalitia mfukoni mwa kizibao.
"Mia saba! Kwa kikohozi?"

Nikavuta kiti. Naye akavuta chake.