Mapanki, Toleo la Nne

Tuliiita Mapanki usiku ule umeme ulipokatika Kirumba
na Bugumba akasoma msimbo kwa mwanga wa simu,
vidole vyake vikinuka samaki wa jioni.
Programu ya kupimia mzigo mwaloni, basi:
kilo, bei, chombo, mwenye nyavu.
Tukaiacha huria. Achukue atakaye, arekebishe atakaye,
wa Musoma, wa Bukoba, wa Kisumu, wa Jinja.

Jina nililitoa mimi.
Nilisema: minofu ilipanda ndege,
tukabaki na kichwa, mgongo na mkia,
tukala, tukakua.
Na hii ni mifupa, mtu asitudai nyama.
Wakacheka. Jina likakaa.

Mwaka wa nne Masalu akaandika mstari mmoja:
Napendekeza tubadilishe jina.
Sababu hakutoa. Masalu hatoi sababu,
hurekebisha kosa akanyamaza,
kama mtu afungaye mlango wa jirani ulioachwa wazi.

Mimi nikamwaga sababu kwa ndoo.
Jina limo sehemu elfu moja mia nne na kumi na mbili,
ukilivuta hapa, kule panakatika.
Limeandikwa kwa chokaa ukutani Igombe, karibu na mizani.
Na ziwa lenyewe, nikasema, lilibatizwa bila kuulizwa
na bado linaitika kwa Nyanza.
Bugumba akasema, kwetu mtoto akilia usiku kucha
hupewa jina la babu mwingine, akalala.
Nikamjibu: programu hailii.
Jibu hilo lilinipendeza siku mbili nzima.

Jumamosi nikashuka mwaloni kujaribu toleo jipya.
Mama Nyamizi, karai lake likichemka,
akauliza kishikwambi changu kinasemaje.
Nikamsomea jina kwa fahari.
Akageuza samaki. Akamgeuza tena yuleyule.
"Haya ndiyo yaliyosomesha wanangu," akasema.
"Ila yule wa mwisho, shuleni Kitangiri,
ndivyo walivyomwita.
Alikuwa akisugua mikono kwa limau kabla ya kengele."
Yuko wapi sasa?
"Kwenye kompyuta, kama wewe. Masalu. Haongei sana."

Nilinunua kichwa kimoja
nikakila nimesimama, mpaka jicho.

Sasa ni saa nane usiku.
Kura ni tatu kwa tatu, imebaki yangu.
Bado naamini nilichosema:
anayeionea haya mifupa yake
atasahau nani alikula nyama.
Bado naamini.
Lakini fahari ilikuwa yangu,
na limau lilikuwa lake.

Jina jipya hatuna. Nimeweka neno "jina" tu, kwa muda.
Elfu moja mia nne na kumi na mbili,
mashine inahesabu ikishuka.
Imebaki sehemu moja, mstari wa juu kabisa,
maelezo ambayo mashine huyaruka bila kuyasoma.
Kidole kiko juu ya kitufe.
Dirishani upepo wa ziwa unaleta ile harufu,
haujui inaitwaje.