Kitundu cha Sindano

Nilikwenda Bombo na khanga mbili na wosia,
nikijua kisu kinaningoja.
Daktari Mhina akanishika kifundo cha mkono:
"Tutapitia hapa."

Ganzi. Kisha waya,
mwembamba kuliko uzi wangu wa cherehani,
ukaingia mshipani ukihesabu njia
kama mgeni wa Ngamiani:
barabara ya tano, ya sita, kata kushoto.
Niliuona kiooni, kivuli ndani ya kivuli,
macho wazi, nikauliza kama tumepotea.
"Bado mtaa mmoja."

Wakamwaga punje mlangoni pa uvimbe,
wakaukatia damu kama mdaiwa wa maji.

Usiku tumbo lilinisokota, sikatai.
Asubuhi shangazi akafunua shuka, autafute mshono.
Mimi, fundi wa miaka ishirini,
nikamwonyesha plasta.