Jibu la Jumamosi

Umeme umekatika tena huku Donholm,
nami nimekaa juu yako kwenye maegesho,
ufunguo mfukoni, injini baridi,
miguu imenyooka mbele kama ya mtu anayesubiri kuoshwa.
Hivyo ndivyo ulivyonifunza kukaa:
chini, nimeegemea nyuma, bila haraka,
mfalme wa lami
mpaka tuta la kwanza linikumbushe
kwamba unatambaa kwa tumbo kama kenge.

Kesho saa tatu nimemwahidi Hardeep jibu.
Pale Barabara ya Lusaka, kati ya mapipa ya oili na paka mwenye jicho moja,
amenisimamishia ile nyingine:
ndefu, kimya, imevaa kioo kifuani,
masanduku mawili mbavuni kama punda wa muuza maji.
Anakutaka wewe na laki nne juu.
Laki nne! Alisema huku akifuta miwani,
kama mtu anayetaja bei ya sukuma wiki.

Jumanne alinipa niijaribu.
Nikaipeleka Southern Bypass mpaka Ondiri na kurudi,
na huu mgongo wangu wa kupaka rangi kuta za watu,
kwa mara ya kwanza tangu Februari, haukunitukana.
Upepo ulipita juu ya kofia kama habari za ukoo mwingine.
Lakini mikaratusi haikunifikia,
wala moshi wa mahindi ya kuchoma,
wala mvua, ambayo nikiwa nawe hunigonga magotini
kabla mawingu hayajajua kuwa inanyesha.
Nilifika. Sikuwa nimepita popote.

Kimanthi fundi,
aliyekufungua mara nyingi kuliko nilivyofungua Biblia,
alipangusa mikono akasema:
"Hii yako ni ya kwenda kuonekana.
Ile ni ya kwenda."
Niliudhika siku mbili.
Niliudhika kwa kuwa ni kweli: miaka saba,
kilomita elfu ishirini na moja, na zote zimeishia
Naivasha kwa samaki, Kiserian kwa mbuzi,
na harusi ya shemeji Kwamboka,
ulipong'aa kumshinda bwana harusi.
Ramani ya Marsabit ingali imebandikwa jikoni.
Mafuta ya chapati yameshaifuta Laisamis.

Nikamwambia Bosibori ni tangi dogo lililonizuia.
Ni kiti. Ni mgongo. Upepo wa Turbi ungenibwaga.
Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa.
"Kabla ya pikipiki ulisema ni gari.
Kabla ya gari ulisema ni mimi."
Kisha, akiokota kijiwe na kukiweka kando:
"Ila kile kiti chako cha nyuma kinaumiza.
Sijawahi tu kukwambia."

Miaka saba nilidhani ananikumbatia kwa mahaba.
Alikuwa anajizuia asiteleze.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.
Hawakusema neno juu ya kidonda cha zamani
unachokipangusa kila Jumapili kwa shati lako mwenyewe.

Umeme unarudi. Jengo zima linapiga kelele za furaha.
Naiona sura yangu kwenye tangi lako, mashavu yamepanuka:
mtu wa miaka hamsini na mmoja
ameshikilia usukani wa kitu kilichosimama.
Juu, dirisha la jikoni limewaka.
Bosibori anainua mkono. Sijui ananiita chakulani
au anaitazama tu ile ramani, kidole juu ya doa la mafuta.

Kukuwasha saa hizi ni kuwaamsha mapacha wa Odindo,
na kesho mama yao atanisalimu kwa nusu ya mdomo.

Nakuwasha.
Mara moja tu, hapa hapa, bila kwenda,
nisikie mtasema nini,
wewe na mgongo.