Mdomo wa Bati

Julai, Pasua. Ukungu umeshuka mlimani
ukakaa juu ya paa la karakana.
Bati limelala nje usiku kucha.
Aikande, usilishike bado.
Kidole kilichokufa ganzi hakijui kimekatwa
mpaka uone doa sakafuni
ujiulize ni damu ya nani.

Vua pete. Najua ni ya juzi,
najua Kundaeli aliuza mbuzi wawili.
Itundike kwenye msumari ule, kando ya kalenda.
Pete ikinaswa na ukingo, haitoki peke yake.

Wengi hudhani mkasi ndio adui.
Mkasi una adabu, huuma ulipouelekeza.
Anayeuma ovyo ni bati lililokwisha kukatwa,
lenye vinywele vya chuma usivyoviona.
Usivipapase. Pitisha tupa
huku na huku, mpaka mlio wake ushuke.
Sikiliza tu. Sikio halivuji damu.

Mabomba haya yanakwenda kiwanda cha kahawa
kufyonza vumbi la maganda. Vipande kumi na vinane,
kila kimoja kiingie ndani ya mwenzake,
na hapo ndipo mkono hutamani
kusukuma kwa kiganja.

Mimi nilisukuma.
Saa kumi na moja jioni, kipande cha mwisho,
tajiri mlangoni akichezea funguo za gari.
Kipande kikaingia.
Nami nikaingia nacho.

Kwa hiyo: finya kwa koleo pembe za kile cha ndani,
weka kibao, gonga kwa nyundo ya mpira.
Kibano kishike, wewe usishike.
Glovu za ngozi ni za kubebea;
ukiwasha drili zivue, drili hula glovu pamoja na kilichomo.
Na mkono wa kushoto usikae nyuma ya tundu.
Skrubu haipigi hodi.
Vumbi la chuma? Brashi. Hata kama ni kidogo. Hasa kama ni kidogo.

Kidole changu hiki kina nyuzi saba
na hupinda nusu.
Asubuhi za baridi kama hii hakinitambui.
Ndeshi wangu ana miaka sita:
akimaliza vifungo vya sweta yake ya shule
hupanda kigodani
akanifunga na vya shati langu,
haulizi, wala mimi sisemi.

Haya, jua limefika kwenye bati.
Glovu zako umeziweka wapi?