Kopo Moja la Dagaa

Bwana Lufungulo amezitandaza juu ya taulo la kijani,
mbili, midomo imeelekea ukutani, matumbo matupu.
"Nyamizi, chagua. Kampuni ilipata mpya nne,
tatu wanaume wameshazibeba
kabla chai haijapoa."

Ya kwanza naijua. Ilikuwa ya Masatu,
zamu ya benki, miaka kumi na sita,
hadi mgongo ulipomstaafisha.
Chuma kitupu, toka mdomo hadi kitako.
Rangi imekwanguka pale dole gumba lake lilipozoea kulala,
pamebaki peupe kama kisigino cha mpaa samaki.
Kila Ijumaa aliipaka mafuta
kwa fulana kuukuu ya Pamba.
"Ziwa hili," alisema, "lina ulimi.
Hulamba bati, hulamba bawaba,
ukisinzia wiki mbili litalamba na hii."

Ya pili ni nyeusi ti, haijamjua mtu.
Juu chuma, chini kote plastiki,
mpini una vijiduara kama ngozi ya kenge.
"Hii hata ukiichovya Kamanga asubuhi
ukaja kuiopoa jioni, unaifuta tu,"
asema Lufungulo,
ambaye hata kuogelea hajui.

Nazipima, moja kila kiganja,
kama Mama Getruda anavyopima pale Mwaloni
kabla hajakubali mizani ya mtu.
Tofauti yake: kopo moja la dagaa wakavu.
Kopo moja si kitu.
Lakini kopo moja kiunoni, upande wa kulia,
toka saa kumi na mbili asubuhi,
nyuma ya wanawake waliofunga pesa kwenye vitenge,
kupanda benki, kushuka, kupanda,
na mimi niliyepasuliwa Bugando mara mbili
hadi nyonga ikajifunza kutabiri mvua —
iulize nyonga, usimuulize Lufungulo.

Usagara, kwenye shabaha, nilizijaribu zote.
Ya Masatu ilitulia kama ng'ombe aliyezoea jembe:
saba kati ya kumi.
Mpya ilinirusha kiganja,
nikapata sita, kisha nane.
Kwa hiyo hata shabaha haikunisaidia.

Niseme ukweli? Moyoni nilishachagua chuma.
Kitu kinachoua kiwe kizito, niliwaza,
kikukumbushe kila hatua kwamba umekibeba,
kisiwe ndugu wa ndoo, wa dumu, wa yeboyebo.
Halafu nikainama kufunga kamba ya buti
na nyonga ikasema neno lake.

Nikasaini mpya. Namba, tarehe, jina.
Lufungulo akairudisha ya Masatu sandukuni.
Iligonga mbao,
nikageuka kana kwamba nimeitwa.

Jioni naikabidhi, risasi zinahesabiwa,
natoka mikono mitupu.
Nyumbani Mabatini, Shija yuko nyuma ya pazia
na ile ya maji niliyomnunulia Krismasi,
Mlango Mmoja, elfu mbili baada ya kubishana.
Nyeusi. Nyepesi.
Na mpini — sikuwahi kuutazama —
una vijiduara kama ngozi ya kenge.

"Mikono juu, mama!"

Nikainua. Nilitaka kucheka, mdomo haukufunguka.
Maji yalinipata shavuni, ya uvuguvugu.

Alipolala niliipeleka uani, karibu na pipa,
nikaikanyaga kwa kisigino cha buti.
Ilipinda, ikarudi. Ikapinda, ikarudi.
Plastiki haina haraka ya kufa.
Ya Masatu, nadhani, ingenivunja mguu.

Asubuhi Shija atauliza.
Nitamwambia panya? Nitamwambia
ya mama ni ya kweli, yako ilikuwa ya uongo,
wakati mimi mwenyewe, mlangoni, taa ikiwa hafifu,
kwa pumzi moja sikujua?

Niliokota vipande, nikavipima kiganjani, mazoea tu.
Havikufika hata robo kopo.