Herufi Iliyopinduka

Kazi yangu ilikuwa kusoma nisichokielewa.
Kilatini, herufi kwa herufi, kwa sauti ya kadiri,
huku Bwana Korbinian, miwani puani,
akifuatisha mwandiko wa mganga kwa ncha ya kisu.
Nikipatia, anaitikia kwa kichwa. Nikipotea mstari, anakohoa.
Vipande viwili vya shaba kwa kila karatasi,
na siku za Ijumaa, supu ya dengu.

Nyumba ile ya Basel ilinuka mkojo,
maana ndimo walimoloweka ngozi za kupakia wino
zilainike usiku kucha.
Ilinuka masizi na mafuta ya kitani yaliyochemka,
na karatasi mbichi, ambazo juzi tu zilikuwa matambara:
shuka za watu, mashati ya watu,
pengine sanda. Nani angeuliza?

Kaka yangu Jost alipanga herufi.
Alisoma miguu juu, kama popo,
na vidole vyake vilikijua kila kisanduku gizani,
kipana cha e, chembamba cha z.
Kucha zake zilikuwa nyeusi
hata asubuhi ya Pasaka.

Jumanne alitetemeka.
Jumatano akapanga ukurasa wa mwisho
wa kitabu cha upasuaji,
kiwiko mezani, jasho likidondokea risasi.
Alhamisi tukamzika pamoja na wengine kumi na wanne,
chokaa juu yao kama unga juu ya mkate.
Kuteleza si kuanguka, husema watu.
Yeye alianguka.

Ijumaa nikaitwa kuusoma ukurasa wake.

Mstari wa tisa nikaiona:
n imesimama kichwa chini, imekuwa u.
Jost, ambaye kwa miaka saba
hakupindua hata nukta!
Nilijua wajibu wangu. Ni jambo dogo:
niseme u, Bwana akohoe,
aje mvulana na sindano, aing'oe, aigeuze,
vidole vingine viguse pale
vilipogusa vyake mara ya mwisho.

M, nikasema. A.
N.
U. S.

Bwana Korbinian akaitikia kwa kichwa.

Nakala mia nane.
Zikafungwa ndani ya mapipa kama samaki wa chumvi,
zikabingirishwa hadi Mto Rhine
kwenda kwenye maonyesho ya Frankfurt,
na baada ya hapo ni Mungu ajuaye.
Mwishoni mwa kitabu waliweka orodha ya makosa,
kumi na moja, kwa herufi ndogo za aibu,
wakamwomba msomaji mpole
asahihishe kwa kalamu yake mwenyewe.
La kumi na mbili ni langu.

Labda kule Padua mwanafunzi mmoja aliliona,
akachovya kalamu, akalinyoosha, akaendelea kusoma.
Simlaumu. Zimebaki mia saba tisini na tisa.

Miaka ikapita. Bwana Korbinian akawa haoni,
mimi nikawa nampikia, na jioni moja nikamwuliza
neno lile, lenye n katikati, maana yake nini.

"Mkono," akasema.
Akageuza uso upande wa sauti yangu.
"Apollonia, kwa nini unauliza leo?"

Nikamwambia supu inapoa.