Alitaka Aone Ziwa

Hakulia alipoanguka. Alilia baadaye,
kama mtu aliyepokea simu ya msiba
akachelewa kuielewa.
Nilikuwa nachuja mawese. Niliiacha sufuria,
nikampokea na mikono yenye mafuta;
hadi leo ana doa la rangi ya chungwa sikioni.

Kitoto cha mbwa, wiki tisa,
kilichokuja Gungu na lori la Kasulu
ndani ya boksi la sabuni.
Tukakiita Sabuni, kwa kukosa wazo.
Mguu wa mbele, wa kushoto,
ulining'inia kama mkono wa shati kambani.

"Ameanguka mwenyewe," alisema Bukuru.
Sikuwa nimemuuliza.
Butoyi, pacha wake, akaanza kuhesabu
vidole vyake vya miguu.

Daktari wa mifugo yuko Uvinza, anachanja ng'ombe.
Simu ilikatika mara tatu.
"Mfupa umetokeza nje?"
Hapana.
"Vidole vina joto?"
Nikavishika: vinne, vidogo kama punje za mahindi mabichi.
Vina joto.
"Usimpe panadol. Usiuvute mguu.
Tafuta kitu kigumu na kitambaa laini,
usikaze sana. Nitafika Jumamosi."
Ilikuwa Jumatano.

Sasa, jirani yangu Bi Zamda
akipita kwangu huikunja kanga hadi magotini
asije akaguswa na pua ya Sabuni.
Alishanieleza: kuosha mara saba,
moja kwa udongo. Alinieleza bila ugomvi,
kama anayenitajia bei ya dagaa.
Siku hiyo alichungulia juu ya ukuta, akatoweka.
Nikasema moyoni, haya basi.

Kisha ukuta ukatema vitu viwili:
rula ya mjukuu wake, imevunjwa katikati,
na pindo la kanga, limechanwa kwa meno,
maandishi yake yameishia njiani:
USINIONE NIME

"Mimi simgusi," sauti ikasema.
"Ila anza vidoleni, upande nalo taratibu.
Ukianzia juu, damu itajaa chini.
Marehemu alipovunjika pale Kibirizi
nilimfunga mwenyewe.
Weka pamba kwanza, we mama! Pamba!"

Nikaweka pamba.
Sabuni aliniuma kidole gumba, kidogo tu,
kisha akalamba palepale, kama anayefuta alichoandika.

Mvua ilinyesha usiku ule na uliofuata.
Boksi nililiweka kando ya kitanda,
mkono wangu ndani yake, maana kila akipitiwa
na ndoto ya kukimbia alitaka kusimama.
Mkono ulikufa ganzi. Niliuacha hapo hapo.

Ijumaa, saa nane usiku, Bukuru akaja na shuka lake.
Akakaa sakafuni. Akaingiza mkono wake karibu na wangu.
Mabati yalikuwa yakipiga kelele, nikasikia nusu nusu:
"...kwenye mnara wa tenki... ndani ya shati...
Nilitaka aone ziwa."

Kutoka pale juu kweli linaonekana,
kipande cha buluu kati ya mapaa,
si kikubwa kuliko kigae cha sahani.
Nilikuwa na maneno tayari, tangu Jumatano,
ya kumtosha yeye na pacha wake.
Nikauliza: "Aliliona?"

Akafikiri kwa muda mrefu.
"Aliona kidogo."

Daktari alikuja na pikipiki, ananuka dawa ya josho.
Akabonyeza, akanusa, akazungusha rula kwenye mwanga:
mfupa wote, kutoka namba tatu hadi kumi na moja.
"Nani amefunga hivi?"
Nikaelekeza kidole ukutani.
Ukuta ukakohoa.

Wiki tano sasa. Anakimbia kwa hesabu yake,
moja, mbili, tatu, na nusu.
Rula niliiosha mara saba, moja kwa udongo,
nikaipitisha juu ya ukuta.
Imerudi asubuhi, imefungwa na vichwa vya dagaa.